Ndege ya saa nne: London hadi Istanbul, kilomita zake na saa zake

Mama Salma wa London Mashariki ameniandikia, nami nimefupisha kidogo: "Nimekata tiketi ya Istanbul ya mwezi wa pili, nikakutane na mama yangu atakayetoka Nairobi. Tiketi inasema naondoka Heathrow 11:30, nafika 18:25. Hiyo ni karibu saa saba! Kurudi naondoka Istanbul 14:10 nafika London 15:20, yaani saa moja na dakika kumi. Nikiuliza kwenye intaneti umbali, huku naambiwa kilomita 2,488, huku 2,513, huku 3,000, na kuna mahali wameandika 1,343 tu. Mume wangu anasema tofauti zote hizi ni kwa sababu dunia inazunguka. Lipi la kweli? Mama yeye anafika 10:45 siku hiyo hiyo, nimemwambia anisubiri kidogo tu."

Mama Salma, jibu fupi kwanza, usije ukalala na wasiwasi. Kwenda ni saa tatu na dakika 55, kurudi ni saa nne na dakika kumi. Tiketi haikukudanganya, ila kila muda umeandikwa kwa saa ya mji wake: wa kuondoka kwa saa ya mji unaotoka, wa kufika kwa saa ya mji unaokwenda. Tiketi zote za ndege huandikwa hivyo, na hakuna anayekutangulizia habari hiyo.

Mwezi wa pili Istanbul iko mbele ya London kwa saa tatu. Wewe unafunga mkanda Heathrow 11:30, wenzako Istanbul wameshakula cha mchana, kwao ni 14:30. Hesabu toka hiyo 14:30 mpaka 18:25, utapata zile saa tatu na dakika 55. Kurudi ni vivyo hivyo: Istanbul ikiwa 14:10, London ni 11:10, na toka hapo mpaka 15:20 ni saa nne na dakika kumi.

Angalia sana tarehe, lakini. Waingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Uturuki iliuacha mchezo huo mwaka 2016, ikabaki na saa ile ile mwaka mzima. Kwa hiyo majira ya joto tofauti ni saa mbili, si tatu, na ndege yako hiyo hiyo ya 11:30 ukiipanda Julai tiketi itasema unafika 17:25. Nimeshaulizwa na watu wazima na akili zao kama ndege za Julai zina kasi zaidi. Hazina.

Raha yetu watu wa Afrika Mashariki ni kwamba saa ya Istanbul ndiyo saa ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Mama yako hataigusa saa yake ya mkononi. Akisoma kwenye tiketi yake kuondoka na kufika, atoe tu kimoja kwenye kingine, jibu ndilo hilo hilo. Mwenye kazi ya kujumlisha na kutoa ni wewe unayetoka London.

Tatizo letu liko kwingine, kwenye lugha. Ukimpigia mama simu ukamwambia "ndege yangu ni ya saa nne", ataelewa nini? Inaondoka saa nne asubuhi? Saa nne usiku? Au inakwenda kwa muda wa saa nne? Ndiyo maana watu wengi wakitaka kutaja muda husema "masaa manne". Walimu wa Kiswahili hukunja uso, kwamba wingi wa saa ni saa, na kwenye karatasi mimi huwafuata walimu. Kwenye simu na abiria mwenye haraka nasema masaa, na sijawahi kujuta.

Ongeza na ile ya kuhesabu saa zetu kuanzia macheo. Miaka niliyokaa dirishani nauza tiketi, alikuja mzee mmoja aliyekatiwa safari hii hii ya London kwenda Istanbul, ya 06:40. Akaisoma kama tunavyosoma sote tukiwa nyumbani: saa sita na dakika arobaini, yaani mchana. Akafika uwanjani saa tatu na nusu asubuhi, ametulia, begi lake limefungwa kamba, anajipongeza kwa kuwahi. Kwa hesabu yangu ndege yake muda huo ilikuwa juu ya Romania. Kwa hiyo mama umsomee kwa Kiswahili kabisa: 11:30 ni saa tano na nusu asubuhi, 18:25 ni saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano jioni, na hiyo 10:45 yake ni saa tano kasorobo asubuhi. Usimsomee namba za tiketi.

Tuje kwenye kilomita. Namba zote nne ulizoletewa ni za kweli, zimepimwa tofauti tu. Chukua tufe la dunia, lile la darasani, uvute uzi toka Heathrow mpaka uwanja mpya wa Istanbul, uukaze. Huo uzi ni kilomita 2,488, na ndiyo njia fupi kuliko zote inayowezekana juu ya uso wa dunia. Ile 1,343 ni uzi huo huo kwa maili za baharini, ambazo marubani wamerithi kwa manahodha; moja ina mita 1,852. Ukikutana na 1,546 usishtuke, hizo ni maili za barabarani za Waingereza.

Ile 2,513 ina kisa chake. Ni umbali wa kwenda uwanja wa Atatürk, ule wa zamani ulio karibu na bahari ya Marmara. Tarehe 6 Aprili 2019 ndege za abiria zilihamishiwa uwanja mpya, kaskazini karibu na Bahari Nyeusi, na ile alama ya herufi tatu, IST, ikahama nazo. Alama haikubadilika, mahali ndipo palipobadilika. Kurasa za zamani zimebaki na hesabu ya zamani chini ya alama ile ile. Na 3,000 ni kilomita za barabara, kwa mwenye gari na subira: uvuke bahari mpaka Calais, Ubelgiji, Ujerumani, Austria, Hungary, Serbia, Bulgaria, uingie Uturuki kwa Edirne.

Tofauti ya kilomita 25 ndege huimaliza kwa dakika mbili, kwa hiyo hapo usijisumbue. Cha kusumbukia ni hiki: Istanbul ina viwanja viwili. IST uko upande wa Ulaya. Sabiha Gökçen, alama yake SAW, uko upande wa Asia, kilomita kama 2,550 toka Heathrow. Angani hizo sitini na kitu za ziada ni dakika nne au tano. Ardhini, mama akishukia uwanja mmoja na wewe mwingine, kati yenu kuna jiji zima la Istanbul na mlango wa bahari wa Bosphorus, na foleni ya magari ya huko haina huruma. Kabla ya jambo lolote, shika tiketi zote mbili, uhakikishe zote zimeandikwa IST.

Hata huo uzi wa kilomita 2,488 hakuna ndege inayoufuata sawasawa. Utaliona hilo dakika ya kwanza kabisa. Ndege huruka na kutua ikiukabili upepo, na London upepo mwingi hutoka magharibi, hivyo karibu asilimia 70 ya muda Heathrow hurusha ndege zikielekea magharibi. Wewe unakwenda Istanbul, ndege inaanza kwa kukupeleka Windsor, mji ulio magharibi ya uwanja. Mara nyingine kasri la mfalme unaliona kule chini. Kisha inalala upande, inazunguka kusini, ndipo inashika mashariki juu ya Kent na kuvuka bahari. Toka hapo njia ya kawaida ni Ubelgiji, Ujerumani, Austria, Hungary, Romania na Bulgaria, ingawa hubadilika siku hadi siku kufuata upepo na msongamano. Tangu Februari 2022 anga ya Ukraine imefungwa. Safari yako haikuwa ikiihitaji, lakini waliokuwa wakipita huko wamesukumwa kwenye anga za majirani, na njia zimebana. Ukimsikia rubani akisema mmemaliza kupanda ila mnasubiri zamu yenu ya kuruka, mara nyingi foleni haiko Heathrow, iko mbele huko Ulaya.

Mwisho wa safari kuna kizungukio kingine. Njia za kurukia za uwanja mpya wa Istanbul zimelala kaskazini kwenda kusini. Upepo ukitoka kusini, mnakuja toka upande wa Bahari Nyeusi mnatua moja kwa moja. Ukivuma ule wa kaskazini-mashariki, ambao Waturuki huuita poyraz nao haukomi huko, ndege huupita uwanja, hushuka kusini kuelekea Marmara, kisha hugeuka na kuja kutua ikitazama kaskazini. Abiria wasiojua huanza kuulizana kulikoni. Ukijumlisha mizunguko yote, ndege huwa imetembea makumi ya kilomita zaidi ya uzi wetu.

Sasa mume wako. Mwambie hoja yake nimeipima kwa heshima. Ni kweli dunia inazunguka kuelekea mashariki, na pale London ardhi inakwenda kilomita zaidi ya elfu moja kwa saa. Lakini hewa inakwenda nayo, na ndege imo ndani ya hiyo hewa. Ingekuwa dunia inaiacha ndege nyuma, basi kurudi London ndiko kungekuwa kufupi: ungepaa Istanbul, ukasubiri angani, London ikaletwa chini yako. Tiketi yako inasema kinyume. Kurudi ndiko kurefu.

Sababu ni upepo. Sisi wa pwani hili hatufundishwi: jahazi lilitoka Ghuba na kaskazi, likasubiri kusi ndipo lirudi, na nahodha aliyeng'ang'ania kwenda kinyume cha msimu alijua kitakachompata. Juu ya Ulaya, kilomita 10 hadi 12 kwenda juu, kuna upepo mkubwa unaotoka magharibi kwenda mashariki, wenye nguvu zaidi majira ya baridi. Tofauti yake na pepo zetu ni kwamba huu haugeuki na msimu. Ni kama kusi isiyokwisha. Hakuna kusubiri, anayekwenda mashariki hubebwa, anayerudi hupigana nao. Na nusu ya haki mpe mume wako, maana mzunguko wa dunia ni miongoni mwa vinavyoufanya upepo huo uelekee mashariki.

Tufanye hesabu ya siku moja yenye upepo wa wastani. Ndege ya aina inayotumika sana njia hii huenda kama kilomita 830 kwa saa ndani ya hewa yake. Upepo wa kilomita 80 ukiisukuma toka nyuma, kwa ardhi inakwenda 910, na ule uzi wa 2,488 unakwisha kwa saa mbili na dakika 44. Upepo huo huo ukiikabili usoni, inabaki 750, saa tatu na dakika 19. Dakika 35 zimetokana na upepo tu. Kwenye tiketi yako umeona tofauti ya dakika 15, kwa sababu njia ya Istanbul haielekei mashariki kamili, inateremkia kusini-mashariki, kwa hiyo sehemu ya upepo huipiga ndege ubavuni badala ya kuisukuma. Isitoshe, waliopanga ratiba hawajui upepo wa siku yako. Wamechukua makadirio ya msimu mzima.

Umeona bado kuna pengo. Saa mbili na dakika 44 za hesabu, saa tatu na dakika 55 za tiketi. Saa nzima na ushee imekwenda wapi? Kidogo imeliwa na mizunguko niliyokueleza, na kidogo na kupanda na kushuka, maana ndege haifikii kasi yake kamili mpaka ifike juu. Iliyobaki iko chini. Muda wa tiketi hauhesabiwi toka magurudumu yaache ardhi. Unahesabiwa toka ndege isukumwe kutoka langoni mpaka isimame kwenye lango la upande wa pili. Heathrow ina njia mbili tu za kurukia na ndege zisizo na idadi, kwa hiyo kutambaa chini dakika 20 kabla ya kupaa ni jambo la kawaida. Uwanja wa Istanbul nao ni mkubwa mno; ukitua kwenye njia ya mbali utatembezwa ardhini mpaka udhani mnarudi London kwa barabara. Juu ya hayo mashirika huongeza dakika za akiba, ili ndege ikichelewa kidogo bado ionekane imewahi. Siwalaumu, ila ndiyo sababu utasikia rubani akijisifu mmefika dakika 20 kabla ya wakati hali kila siku hufika hivyo.

Kurudi, akiba hiyo huliwa London. Ndege zinazotoka mashariki zikikuta foleni huwekwa kuzunguka juu ya Lambourne, upande wa Essex, au Biggin upande wa Kent, moja juu ya nyingine kama vyungu, kila moja ikishushwa ngazi moja hadi zamu yake ifike. Ukiona bawa limelala upande ule ule kwa mara ya tatu na mashamba ni yale yale, usihofu, uko kwenye foleni.

Swali la safari inaishia wapi si la kinadharia, lina pesa ndani yake. Ndege inayoondoka Uingereza, ya shirika lolote, ikikufikisha ikiwa imechelewa saa tatu au zaidi kwa kosa la shirika, sheria inakupa fidia kulingana na umbali, na umbali huo hupimwa kwa uzi uleule wa kwenye tufe. London hadi Istanbul inaangukia daraja la kati, kilomita 1,500 hadi 3,500, na fidia yake ni pauni 350. Kufika ni lini? Ndege moja ya Salzburg kwenda Cologne iligusa ardhi ikiwa imechelewa saa mbili na dakika 58, ikasimama mahali pake ikiwa saa tatu na dakika tatu. Shirika likasema tumeshatua, hatudaiwi. Abiria akapeleka shauri, likafika Mahakama ya Ulaya, na mwaka 2014 ikaamua kwamba umefika pale mlango mmoja wa ndege unapofunguliwa na watu kuruhusiwa kushuka. Kwa hiyo ukichelewa sana, tazama saa mlango unapofunguliwa, uandike. Kurudi toka Istanbul kwa shirika la Kituruki sheria hiyo ya Uingereza haikufuati. Kwa shirika la Uingereza au la Umoja wa Ulaya inakufuata.

Nimeliacha la mama mwisho kwa sababu ndilo linalonisumbua. Yeye anatoka mbali kuliko wewe, kilomita kama 4,800, karibu mara mbili ya safari yako, muda wake saa sita na nusu au karibu saba. Anatoka kusini kwenda kaskazini, upepo wa magharibi unampiga ubavuni akienda na ubavuni akirudi, ndiyo maana tiketi yake ya kwenda na ya kurudi muda wake unakaribiana. Hana fumbo lolote. Atashuka saa tano kasorobo asubuhi. Wewe utafika saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano jioni, na kwa saa ya Istanbul ndivyo ilivyo, hakuna cha kutoa. Ongeza foleni ya pasipoti na mizigo, mwanamke mzima atakuwa amekaa kwenye kiti cha chuma saa nane. Huko si kusubiri kidogo.

Piga simu ulikokata tiketi, uulize gharama ya kuhamia ndege ya usiku wa kuamkia siku hiyo. Zipo zinazoondoka London 22:30 hivi, na kwa hesabu ile ile zinafika 05:25, na pembeni ya muda huo utaona +1, maana yake ni kesho yake. Utakaa wewe uwanjani saa tano, una shali na chai, badala ya yeye kukaa nane. Wakikataa kubadilisha, au wakitaka pesa nyingi, mtafutie hoteli ya ndani ya uwanja apumzike mchana, na umtumie ujumbe wa sauti, si wa maandishi: "Mama, mimi nafika saa kumi na mbili na nusu jioni, saa yako hiyo hiyo ya mkononi, usiiguse."